Fundi anasema giaboksi ya womu hairudi nyuma kwa hiyo tukizima kitufe tuingize mikono tu, ni kweli?

singa_nyeupe:

Wakuu habari za saa hizi, heshima kwenu wote. Mi nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mkonge huku ukanda wa Muheza, jina naliacha maana kazi bado naitaka 😀. Nipo upande wa korona (mashine inayokwangua majani ya mkonge kutoa singa, yani nyuzi), ila si kwenye ngoma zenyewe, nipo kwenye konveya ya kupandisha majani kutoka kwenye trela kwenda juu kwenye meza ya kulishia. Konveya imelala kwa mwinuko, inavutwa na mota ya kilowati 7.5 halafu kuna giaboksi ya womu (gia yenye umbo la skrubu inayozungusha gurudumu la meno) ya kupunguza mwendo, kibao kimeandikwa reshio 30, yani mota ikizunguka mara 30 shafti ya kutokea inazunguka mara moja, ikitoka hapo ni sproketi na cheni. Inakwenda polepole kiasi kwamba mtu mgeni akija anacheka.

Sasa majani yakikwama, na kukwama ni kila siku, tunabonyeza kitufe chekundu, mmoja anapanda anang'oa kwa mikono na panga, wakati mwingine mguu uko juu ya cheni. Mi nikauliza mbona hatuzimi aisoleta (swichi kuu ya kukata umeme wa mashine), fundi wetu mkuu, mtu wa siku nyingi na namheshimu kweli, akanijibu womu haiwezi kuzungushwa kutokea upande wa mzigo hata mning'inie watu watatu, kwa hiyo kitufe kikishazimwa mko salama, na aisoleta iko chumba cha umeme huko mbali mtapoteza muda bure. Kava ya cheni nayo ilitolewa zamani ili iwe rahisi kung'oa majani, sasa hivi imeegeshwa ukutani kuku wanalalia.

Halafu giaboksi yenyewe ina moto, mkono haukai. Na inavuja kwenye sili (raba ya kuzuia oili) ya shafti ya kutokea, tunaambiwa tuongeze oili tu, basi tunajaza mpaka inafika mdomoni. Naomba wenye uzoefu mniambie, mi ndo muoga au kuna kitu hapa? Nawasilisha.

kijana_wa_pongwe:

Mwendo wa hivyo nao unautilia wasiwasi? Njoo huku kwetu kwenye msumeno wa mbao ndo ujue mashine ni nini 😂 hiyo konveya hata ikikushika si unachomoa mkono unaendelea na kazi

fundi_chuda:

Pongwe usimpoteze mwenzio. Hiyo "unachomoa mkono" ndo maneno yanayotoa watu vidole, na nieleze kwa nini maana watu wengi wanaamini kitu kikienda polepole basi hakina nguvu, kwenye giaboksi ni kinyume chake kabisa. Giaboksi haipunguzi mwendo bure, unachopoteza kwenye mwendo unakipata kwenye nguvu ya kuzungusha. Lori likipanda Amani kwa gia namba moja linatambaa, lakini nani anathubutu kulizuia kwa mkono?

Tupige hesabu ya hiyo hiyo ya kwako. Mota ya 7.5 kW inayozunguka mara 1,450 kwa dakika inatoa nguvu ya kuzungusha kama niutoni mita 49 hivi (9,550 mara kilowati, gawa kwa mizunguko). Zidisha na reshio 30, halafu toa kinacholiwa na msuguano, womu ya reshio hiyo tuseme inafikisha asilimia 80 ya nguvu upande wa pili, unabaki na karibu niutoni mita 1,200. Shafti yako sasa inazunguka mara 48 tu kwa dakika, ndo maana mgeni anacheka. Lakini kama sproketi ina nusu kipenyo cha sentimita 10, pale cheni inapoingia kwenye meno kuna mvuto wa niutoni 12,000, yani zaidi ya tani moja. Na hiyo ni nguvu ya kawaida ya kwenye kibao. Mota za aina hii zikikwama kabla hazijasimama zinaweza kutoa mara mbili yake au zaidi. Sasa kidole, mfupa wa mkono, shati la ovaroli, hivyo vyote kwa mashine ni kama havipo, haitasita hata kidogo. Msumeno wa Pongwe unakata ghafla, hii inakuvuta taratibu na huku unaiona inakuja na hakuna la kufanya.

Kuhusu womu kutorudi nyuma, fundi wako amesema nusu. Zipo zinazojifunga zenyewe, hasa reshio kubwa, lakini kujifunga huko ni kwa msuguano tu, si kwa pingu. Mtetemo, oili nzuri ya kuteleza, meno yaliyokwisha kulainika kwa kutumika, vyote vinapunguza msuguano na ikaanza kurudi kidogo kidogo au kwa mara moja. Na reshio 30 mi nisingeiapia. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye vitabu vyao kwamba usitegemee womu kama breki pale usalama wa mtu unapohusika. Halafu hata ikijifunga, inamsaidia nini mtu ambaye mwenzie amebonyeza kitufe cha kijani kule chini?

singa_nyeupe:

Daah tani moja?? Mi nilijua ni mota ndogo tu. Na hilo la kitufe cha kijani lishatokea, jamaa wa zamu alidhani tumemaliza, bahati aliyekuwa juu alisikia mota inaanza akaruka

kaole_chumvi:

Niongezee hapo kwenye kurudi nyuma, mi niko Bagamoyo upande wa chumvi. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi konveya ya kupandisha chumvi imejaa, fundi akafungua kapulini (kiungio) kati ya giaboksi na shafti ya konveya ili abadilishe raba. Sasa womu yako ijifunge isijifunge, ukishaachanisha kapulini mzigo haujui tena kama kuna giaboksi. Boluti ya mwisho ilivyotoka mkanda wote ukarudi chini na chumvi yake, shafti inazunguka kinyume spana imo ndani. Jamaa alipona, spana ilitoboa bati. Toka siku hiyo mi konveya ya mwinuko siigusi mpaka mzigo umeshushwa, na kama haushuki basi ifungwe kwa mnyororo au iwekwe kabari pande zote.

Na nyie wa mkonge pale inapokwama cheni inakuwa imekaza kama nini, ukikata lile fungu lililokwama cheni inaruka mbele yenyewe hata umeme ukiwa umezimwa TANESCO nzima. Mguu juu ya cheni ndugu yangu? Hapana kabisa.

umeme_raskazone:

Mi ni fundi umeme nichangie upande wangu. Kitufe chekundu hakikati umeme kwenda kwenye mota, kinaiambia kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) iachie, basi. Kontakta ikiwa imeungana mdomo kwa joto, na kwenye mota inayokwama kila siku hilo si jambo la ajabu, unabonyeza na haiachii. Au waya wa kontroo umeshikana mahali na unyevu, na korona maji yake mnayajua wenyewe, kontakta inavuta bila mtu kubonyeza chochote. Halafu kuna viwanda wametoa vitufe wakaweka swichi ya kugeuza, hapo ndo balaa, umeme ukikatika watu wanapanda kung'oa majani, ukirudi mashine inaanza yenyewe maana swichi iko kwenye "washa". Angalia yako ni ipi.

Utaratibu ni huu na hauna njia ya mkato. Zima kitufe, nenda aisoleta ishushe, weka kufuli LAKO, ufunguo mfukoni mwako si kwa supavaiza si ukutani kwenye msumari, tundika kibao jina lako na sababu. Mkiwa watatu juu ya konveya kufuli ziwe tatu, kuna kile chuma chenye matundu mengi kinachobeba kufuli nyingi kwa pamoja. Kisha rudi kwenye mashine BONYEZA KIJANI. Watu wanaruka hii hatua, lakini ndo inayokuambia kama umefunga aisoleta ya konveya yako au ya jirani, maana vibao vya chumba cha umeme vingi vimeandikwa enzi za mabwana shamba na mashine zimeshahamishwa. Ikikaa kimya ndo unapanda, na ukumbuke mzigo kuukamata kama alivyosema wa Kaole.

Na hilo la "aisoleta iko mbali" dawa yake si kuacha kuzima, dawa ni kuweka aisoleta nyingine hapo hapo pembeni ya mota, yenye sehemu ya kufuli. Kazi ya nusu siku kwa fundi anayejua.

Kitu kingine naomba uangalie, ovalodi (kifaa cha kuikata mota ikizidiwa) ya hiyo mota. Sehemu zenye kukwama kwama utakuta mtu ameizungusha mpaka namba ya mwisho ili isiwe inakata. Ile inatakiwa isome ampea za kwenye kibao cha mota. Ukiipandisha, siku majani yakikwama mota itaendelea kusukuma na meno ya ile gia ya shaba ndani ndo yataliwa.

bi_makorora:

Mdogo wangu singa_nyeupe, we si muoga. Mi nasimamia usalama kiwanda kingine hapa Tanga mjini na nikikuta kava iko ukutani na mashine inazunguka, hiyo mashine nasimamisha saa hiyo hiyo hata bosi awe amesimama hapo. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, namba 5 ya 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, iko wazi, sehemu hatari za mashine zifunikwe na jukumu ni la mwajiri. Na vifaa vya kujikinga mwajiri anatoa bure, asije mtu akakukata mshahara kwa sababu ya glavu.

Ila nikwambie namna ya kuongea na wakubwa maana nimeona vijana wengi wana haki lakini wanaisemea vibaya. Usiende kumshtaki fundi mkuu, mtu mzima utamvunjia heshima mbele za watu na hatakusaidia tena. Mwendee yeye kwanza, mwambie mzee wangu naomba tufikirie hili la kava, tufanyeje iwe na mlango wa bawaba tufungue haraka yakikwama, mfanye liwe wazo lake. Akikubali mnakwenda wote kwa meneja. Na mkifika muongee lugha ya meneja, kukwama kila siku ni saa ngapi za uzalishaji zinapotea? Majani yanakwama kwa nini? Mara nyingi ni upakiaji, mafungu yanatupwa mengi kwa pamoja, au cheni moja imelegea kuliko mwenzie konveya inakwenda upande. Mkitibu kukwama, mikono haina sababu ya kuingia. Lile tukio la jamaa aliyeruka liandikeni, tarehe, saa, nani alikuwepo, hata kama hakuumia mtu, tena hasa kwa kuwa hakuumia.

Na nguo jamani. Ovaroli mikono mirefu ifungwe vifungo, ncha ya kiremba isining'inie, pete vua, mkanda wa simu shingoni vua. Kina mama wanaofagia makapi chini ya konveya nao muwaangalie, kanga ikigusa shafti inayozunguka mara 48 kwa dakika haichaniki, inajiviringa na kumvuta mtu.

singa_nyeupe:

Asanteni sana, Mungu awalipe. Dada bi_makorora hilo la kumfanya liwe wazo lake umenipa akili kubwa 🙏. Swichi yetu ni vitufe si ya kugeuza, nimecheki. Ovalodi sijaruhusiwa kufungua paneli nitamwambia fundi umeme. Sasa nisaidieni hilo la moto na kuvuja, leo nimechungulia kile kidude cha juu chenye tundu, kimejaa singa na rangi juu yake, ndo cha kazi gani?

mzee_ngamiani:

Kijana, hapo hapo ulipochungulia ndipo penye ugonjwa. Kidude hicho ni cha kupumulia. Oili ikipata moto hewa ndani inatanuka, inatakiwa itoke pale juu. Kikiziba kwa singa au mtu akipaka rangi juu yake, hewa inatafuta pa kutokea na inapata kwenye mdomo wa sili, inasukuma na oili. Mnabadilisha sili leo, wiki ijayo inavuja tena, mnalaumu sili za duka fulani. Kisafishe kwanza, au weka kipya, kabla ya kununua sili. Na giaboksi mpya zikija huwa na plagi kavu, isiyo na tundu, ya kusafirishia mahali pale, kuna watu wanaziwasha hivyo hivyo. Pia mwambie anayeosha korona kwa mpira wa maji asipige pale wala kwenye midomo ya sili, maji yakiingia oili inakuwa nyeupe kama tui na beringi hazikai tena.

La pili, hizo singa. Mimi nimetumikia mkonge miaka mingi na adui wa sili kwenye korona ni singa. Zinajisokota kwenye shafti pale pale kwenye mdomo wa sili, zinaingia chini ya raba na kuikata, na shafti inachimbika mfereji. Ukishakuwa mfereji hata sili mpya haitashika, itabidi shafti ivalishwe bushi nyembamba au sili isogezwe kidogo ikae mahali pazima. Kila mwisho wa zamu mashine IKIWA IMEFUNGWA KUFULI kata singa kwa kisu na uzitoe. Asikate mtu huku shafti inazunguka, najua mnafanya, nasi enzi zetu tuliona watu wanafanya na mikono yao tuliiona baadaye.

La tatu, hiyo kujaza mpaka mdomoni acheni. Oili ikizidi gia inaipiga tu, inatoa povu na moto, moto unaongeza shinikizo, shinikizo linaongeza kuvuja, mnaongeza oili tena. Kiasi ni pale kwenye kioo au plagi ya usawa, unapima mashine ikiwa imesimama na oili imetulia. Kumbuka pia plagi ya usawa inategemea giaboksi imelazwaje, ile ile ikifungwa kichwa chini kiasi kinabadilika.

Moto wenyewe usikutishe peke yake. Womu inakula sehemu ya nguvu kwa msuguano, ukifuata hesabu ya fundi_chuda asilimia 20 ya 7.5 ni kilowati moja na nusu inageuka joto ndani ya lile boksi, na hapa Tanga hewa yenyewe nyuzi 32. Mkono wa mtu haukai juu ya chuma cha nyuzi 60, na womu iliyo kazini kufika 80 kwenye ganda si ajabu. Kwa hiyo mkono si kipimo na tena utaungua, tumieni kile kipima joto cha kuelekeza taa. Andikeni kila zamu. Jana 70 leo 70 sawa, jana 70 leo 92 simamisha. Na mfagie makapi yaliyoganda juu ya boksi, yale mapezi ya chuma yapo ili hewa ipite, yakifunikwa boksi linajipika. Oili za madini ukiipandishia joto nyuzi 10 maisha yake yanakaribia kukatika nusu.

Mwisho, mkimwaga oili isiwe ya moto wa kazini, ngoja ipoe ibaki vuguvugu, inatoka vizuri na haikuunguzi. Angalia iliyotoka. Ukiona vichembe vya rangi ya dhahabu vinang'aa ni gurudumu la shaba linaliwa. Uliza oili iliyomo ni ya aina gani kabla ya kuongeza, womu nyingi zinataka nzito, namba 460 (namba ya uzito wa oili), si ile 220 ya giaboksi za meno ya kawaida, na zile za sintetiki za glaikoli hazichanganyiki na za madini, zinakuwa uji.

fundi_chuda:

Shikamoo mzee wangu. Nyongeza ndogo tu kwa siku mtakayoitoa kwenda karakana, ile jicho ya kunyanyulia juu ya giaboksi ni ya kubeba giaboksi peke yake, msining'inize pamoja na mota na fremu. Na mkiijaribu mezani bila sproketi, itoeni ile kii (kipande cha chuma kinachoshikanisha sproketi na shafti) kwenye shafti au muifunge kwa nguvu, ikizunguka uchi inaruka kama risasi.

mzee_ngamiani:

Marahaba. Hilo la kii umesema kweli.

kijana_wa_pongwe:

Sawa nimeelewa jamani msinipige 😅 ila swali, hizo kufuli si zitaleta ugomvi zamu zikibadilishana? Mtu kaondoka na ufunguo kwenda kwao Maramba mashine imefungwa, nani ataifungua

umeme_raskazone:

Swali zuri hilo. Zamu inayoingia inaweka kufuli yake KABLA zamu inayotoka haijatoa yake, yani aisoleta haibaki wazi hata dakika moja, na wanaonyeshana kazi ilipofika. Mtu akisahau akaondoka nayo, kwanza apigiwe simu arudi. Ikishindikana kabisa supavaiza na fundi umeme wanakagua mashine yote kwa macho kuhakikisha hakuna mtu ndani, wanaandika kwenye daftari, ndo kufuli inakatwa, na mwenyewe anaambiwa kabla hajakanyaga kiwandani kesho yake. Asikatiwe mtu kufuli kimya kimya akarudi anaamini bado imefungwa.

singa_nyeupe:

Nimeongea na mzee wetu asubuhi kabla ya zamu, nikaanza na kile kidude cha kupumulia kwanza. Kakisafisha mwenyewe, kakasirika na aliyepaka rangi 😀. Kava kakubali iwekewe bawaba, mchomeleaji anakuja Jumatatu. Aisoleta ya pembeni ndo meneja anasema tulete bei, umeme_raskazone naomba uniandikie hapa ni ya ampea ngapi kwa mota ya 7.5 na niseme vifaa gani vingine

umeme_raskazone:

Soma kwanza ampea kwenye kibao cha mota, 7.5 kW ya fezi tatu kwa volti 400 huwa kama 15 hivi. Chukua aisoleta ya ampea 32 ya kukata mzigo, yenye tundu la kufuli kwenye mkono, boksi liwe la kuzuia maji, IP65, maana hapo mnapiga mpira. Glendi za waya ziingilie kwa chini zisiingilie juu. Usisahau kufuli tano na kile chuma cha matundu kwenye hiyo bei, wakishanunua aisoleta bila kufuli hawatanunua tena.